Gazeti linasema Punda, mnajimu wa India anasema Samaki: mimi ni nani?

«Shikamoo Mwalimu. Nilizaliwa Tanga tarehe 5 Aprili 1996. Mama husema ilikuwa Ijumaa Kuu, saa tano na nusu asubuhi. Tangu nikiwa shule magazeti yananiambia nyota yangu ni Punda. Marehemu bibi alinihesabia kwa jina langu na jina la mama, akasema mimi ni Simba. Sasa nimechumbiwa na kijana wa familia ya Kihindu hapa Dar es Salaam. Mama yake aliniomba tarehe na saa, nikamwandikia kwenye simu: 5/4/1996, 5:30 asubuhi, Tanga. Mnajimu wao aliyeko India amejibu kwamba jua langu liko Samaki, lagna yangu (nyota iliyokuwa ikichomoza nilipozaliwa) pia ni Samaki, nakshatra yangu (kituo cha mwezi) ni Chitra, na nina dosari ya Mangal, jina lao la Mirihi, kwa sababu Mirihi imekaa nyumba ya kwanza. Eti mume wa mwanamke wa namna hiyo hufa mapema. Wanataka kwanza nifungishwe ndoa na mtungi, kisha ninunue pete ya marijani nyekundu. Mchumba wangu yuko kimya tu. Wiki ya tatu hii silali vizuri. Mimi ni nani hasa, na kipi kati ya haya ni kweli?»

Marahaba, mwanangu. Umeuliza kuhusu nyota, lakini nimesoma barua yako mara mbili na naona swali lililokunyima usingizi ni jingine: je, nitamuua mume wangu kwa kuzaliwa siku niliyozaliwa? Hilo nalijibu kwanza. Hapana. Na chati waliyokusomea si yako. Ni ya mtoto aliyezaliwa saa sita kabla yako, na nitakuonyesha nimejuaje. Ila ili uelewe, na uweze kumweleza mama mkwe wako mtarajiwa kwa adabu bila kubabaika, twende hatua kwa hatua.

Tuanze na Simba wa bibi, maana huyu ndiye anayewachanganya watu wengi wa pwani. Hesabu aliyokufanyia bibi ni ya abjadi. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake: alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, dali ni 4, hivyo hivyo mpaka ghaini ambayo ni 1,000. Unajumlisha herufi za jina lako na za jina la mama, unatoa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki ndicho nyota. Hesabu hii haitazami mbingu hata kidogo. Wasichana wawili wenye majina sawa na mama wenye majina sawa, mmoja kazaliwa wakati wa masika na mwingine wakati wa kipupwe, wote watatoka Simba. Ni urithi wa walimu wetu na una historia yake, lakini hauwezi kupingana na Punda wala Samaki, kwa kuwa haupimi kitu kile kile. Mweke Simba pembeni kama kumbukumbu ya bibi.

Wanaobaki ni Punda, ambaye wengine humwita Kondoo au Hamali, na Samaki. Hawa wote wawili wanatoka kwenye jua lile lile, lililokuwa mahali pale pale angani asubuhi ile. Kinachotofautiana ni mahali ambapo rula imeanzia.

Njia ya jua angani kwa mwaka mzima ni duara la nyuzi 360. Wababeli, kama karne tano kabla ya Kristo, waliligawa duara hilo vipande 12 vya nyuzi 30 kila kimoja, na vipande hivyo ndivyo tunavyoviita nyota za kuzaliwa. Lakini duara halina mwanzo. Lazima mtu aamue sifuri iwe wapi. Ptolemy, aliyeandika huko Alexandria, Misri, katika karne ya pili, aliiweka sifuri pale jua linapokuwa siku ile ya Machi ambayo usiku na mchana hulingana. Wanajimu wa Ulaya wamefuata hivyo mpaka leo, na magazeti yetu yalipoanza kuchapa nyota yalichukua hesabu hiyo hiyo. India wakaifunga sifuri kwenye nyota zenyewe, zile unazoziona usiku zikimetameta.

Kama dunia ingesimama wima bila kuyumba, sifuri hizo mbili zisingeachana. Umewahi kuchezea pia, ile ya watoto inayozungushwa chini? Ikianza kuchoka, inaendelea kuzunguka kwa kasi huku kichwa chake nacho kikichora duara lake polepole. Dunia yetu inafanya hivyo hivyo, duara moja kwa karibu miaka 26,000. Kwa hiyo mahali jua lilipo siku ile ya Machi panarudi nyuma kidogo kidogo ukilinganisha na nyota, nyuzi moja kila miaka 72 hivi. Hipparchus, Mgiriki, alilitambua jambo hili zaidi ya miaka mia moja kabla ya Kristo. Kwa hesabu inayotumiwa zaidi India, rula mbili zilikutana mara ya mwisho mwaka 285. Tangu hapo zimeachana kwa nyuzi kama 24.

Sasa chukua jua lako. Tarehe 5 Aprili 1996 lilikuwa nyuzi ya 16 ya Punda kwa rula ya Magharibi. Rudi nyuma nyuzi 24: unamaliza Punda yote na kuingia Samaki, nyuzi ya 22. Ndiyo hesabu yote. Na hauko peke yako. Kwa kuwa kila nyota ina nyuzi 30 na tofauti ni 24, karibu watu wanne kati ya kila watano wanaojua nyota yao kutoka gazetini watahama wakipelekwa kwa mnajimu wa Kihindi.

Watu wa pwani tunajua vizuri jinsi hesabu inavyoweza kuachana na mbingu. Mwaka Kogwa wa Makunduchi asili yake ni Nairuzi ya Waajemi. Kwao Nairuzi huangukia Machi, siku ile ile ya usawa. Makunduchi huogwa Julai. Chanzo chake si dunia kuyumba kama pia, ni mwaka wa siku 365 usioongezwa siku moja kila miaka minne, lakini matokeo yanafanana: vitu viwili vilivyoanza pamoja vimeachana bila mtu kukosea.

Ukitaka kuiona rula ya Wahindi kwa macho, subiri katikati ya Aprili, toka uani kama saa sita na nusu usiku, utazame juu karibu na utosi. Utaona nyota nyeupe yenye kuelekea rangi ya buluu, imekaa peke yake, haina jirani anayeishinda kwa mwanga. Waulaya huiita Spica, Wahindi huiita Chitra. Mwalimu wangu wa falaki alinisimamisha chini yake nikiwa kijana, akaniambia niinyooshee kidole huku yeye akihesabu kwa midomo. Hesabu rasmi ya India inaiweka nyota hiyo kuwa nyuzi 180, nusu kamili ya duara, na sifuri inapatikana upande wa pili.

Hapa sasa nikutahadharishe na kauli utakayoisikia sana: kwamba mfumo wa Kihindi ndio wa kweli kwa sababu unafuata nyota halisi, na wa Magharibi umepitwa na wakati. Si sahihi. Vipande vya Wahindi navyo ni vya nyuzi 30 kila kimoja, wakati makundi ya nyota angani hayalingani. Mashuke ni kubwa mno, Kaa ni dogo. Pia hata Wahindi wenyewe hawakubaliani sifuri iko wapi hasa. Serikali ya India iliunda kamati ya kurekebisha kalenda mwaka 1952, chini ya mwanafizikia Meghnad Saha, na katibu wake alikuwa N. C. Lahiri, ripoti ikatoka 1955. Kipimo kilichopewa jina la Lahiri ndicho kinachotumiwa na wengi, lakini wapo wanaofuata cha Raman na wapo wanaofuata cha Krishnamurti. Mtu aliyezaliwa mpakani anaweza kuhama nyota kwa kubadilisha mnajimu tu, bila kuvuka bahari.

Kauli ya pili ni kwamba hizi ni mila mbili za watu wawili wasiojuana. Hapana, ni ndugu waliolelewa nyumba tofauti. Nyota 12 ziliingia India pamoja na maarifa ya Wagiriki, na maneno yamebaki kama ushahidi: Wahindi husema hora na kendra, ambayo ni maneno ya Kigiriki yaliyovaa nguo za Kisanskriti. Kilicho chao tangu zamani ni nakshatra, vituo 27 ambavyo mwezi hupita, karibu kimoja kila usiku. Nao unaoitwa unajimu wa Magharibi ulikua Alexandria, ukalelewa Baghdad kwa Kiarabu, ndipo ukafika Ulaya. Wanazuoni wa Kiislamu nao walikuwa na manzili 28 za mwezi, ndugu wa nakshatra. Al-Biruni, karibu miaka elfu moja iliyopita, alikaa akajifunza hesabu za Wahindi na kuzilinganisha na za Wagiriki kwa uaminifu ambao ningependa kuuona kwa wengi wanaobishana leo.

Katika usomaji wanaachana zaidi. Mnajimu wa Magharibi wa siku hizi huanza na jua, huzungumzia tabia na hisia, na hutumia pia Yuranasi, Neptuni na Pluto, zilizogunduliwa 1781, 1846 na 1930. Wa Kihindi huanza na lagna na mwezi. Sayari zake ni tisa, zikiwemo Rahu na Ketu, ambazo si vitu bali ni sehemu mbili ambapo njia ya mwezi hukata njia ya jua. Yeye anataka kujua lini: lini utaolewa, lini utapata kazi. Ana ratiba ya miaka 120 iliyogawanywa kwa sayari hizo tisa, na ratiba ya kila mtu huanzia kwenye nakshatra aliyozaliwa nayo.

Kwa hiyo kila kitu chake kinaning'inia kwenye saa. Lagna ni kipande cha nyota kinachochomoza mashariki dakika ile unapozaliwa, na hubadilika kila baada ya saa mbili hivi. Kipande hicho ndicho nyumba ya kwanza, kinachofuata ni ya pili, hivyo hivyo mpaka ya kumi na mbili.

Rudi kwenye ujumbe wako: «5:30 asubuhi». Wewe na mimi tunajua maana yake. Saa zetu zinaanza kuhesabiwa jua likichomoza, saa tano na nusu asubuhi watu wameshakunywa chai muda mrefu. Lakini mtu aliyeko India akiona 5:30 asubuhi ataandika kwenye kompyuta yake saa ambayo sisi tunaiita kumi na moja na nusu alfajiri. Nilishuku mara moja, nikachora chati zote mbili kwa Tanga. Alfajiri ya tarehe 5 Aprili 1996, saa kumi na moja na nusu, iliyokuwa inachomoza kwa hesabu ya Kihindi ni Samaki, na Mirihi ilikuwa humo humo Samaki: nyumba ya kwanza, Mangal kamili. Mwezi ulikuwa bado Chitra. Ndivyo hasa alivyokujibu. Mnajimu hakukosea hesabu, alipewa saa isiyo yako.

Saa tano na nusu mambo ni mengine. Kinachochomoza ni Mapacha. Mirihi, ikiwa bado Samaki, inaangukia nyumba ya kumi, ambayo haimo kabisa katika nyumba za Mangal. Wengine huhesabu pia kutoka mwezini na kutoka Zuhura, nami nimehesabu: mwezi wako uko Mizani, Mirihi iko ya sita kutoka kwake, Zuhura iko Ng'ombe, Mirihi iko ya kumi na moja. Kote hakuna dosari. Hata nakshatra imebadilika. Mwezi ulikuwa umeshatoka Chitra na kuingia Swati, kwa hiyo ratiba yao yote ya maisha yako imeanzia pasipo pake. Na jambo lililonifurahisha: lagna yako ni Mapacha kwa rula zote mbili. Kwa Magharibi ni nyuzi ya 28 na nusu. Ukitoa 24 bado umo ndani ya Mapacha, nyuzi ya 4 na kidogo. Ungechelewa dakika chache tu, kwa hesabu ya Magharibi ungeingia Kaa.

Ningeweza kuishia hapa ukalala. Lakini sitaki amani yako isimame juu ya saa peke yake, maana kesho anaweza kuja mwingine na dosari nyingine, na wapo wasichana wanaosoma hapa ambao Mirihi yao kweli iko nyumba ya kwanza. Nyumba zinazohesabiwa kuwa na Mangal ni ya 1, 4, 7, 8 na 12; wa kusini mwa India huongeza ya 2. Hizo ni nyumba tano kati ya kumi na mbili. Ukihesabu kutoka lagna peke yake, karibu watu wanne kati ya kila kumi wanayo. Ukiongeza hesabu ya kutoka mwezini, walionayo ni wengi kuliko wasio nayo. Kama ingekuwa inaua waume, mitaa yote ya Mumbai ingejaa wajane. Wanajimu wazuri wa Kihindi wanalijua hili, ndiyo maana vitabu vyao vina orodha ndefu ya mambo yanayoifuta dosari hiyo.

Na unajimu wenyewe, unatabiri? Umepimwa, kila mfumo kwa wanajimu wake wenyewe. Shawn Carlson alichapisha jaribio lake katika jarida la Nature mwaka 1985: wanajimu 28 wa mfumo wa Magharibi walipewa chati ya mtu na maelezo ya tabia za watu watatu, wachague yupi ndiye. Walipatia karibu theluthi, yaani kama aliyefumba macho akachagua. India, mwaka 2008, mwanafizikia wa nyota Jayant Narlikar na wenzake walikusanya chati za watoto 200, nusu wakiwa wanafunzi hodari na nusu wakiwa na ulemavu wa akili. Wanajimu 27 walioshiriki na kurudisha majibu walipatia kwa wastani asilimia 46. Shilingi ikirushwa hupatia 50.

Mimi nachora chati kwa mikono na ninaipenda kazi hii, kwa sababu ndani yake mna historia ya binadamu kujifunza kuhesabu mbingu. Chati inaweza kuwafungua watu wawili midomo wakazungumza mambo waliyoyaogopa. Lakini kumwambia binti kwamba damu ya mumewe iko mikononi mwake, hakuna hesabu ya Magharibi wala ya Mashariki inayonipa haki hiyo. Walimu wetu wa falaki pwani walitenganisha zamani: kuhesabu mwandamo wa mwezi, kibla na nyakati za sala ni elimu, kudai kujua mtu atakufa lini ni jambo jingine, na walilikataza.

Ufanye nini basi? Usiende kubishana na mama mkwe kwamba imani yake ni upuuzi. Kwake kupatanisha chati ni heshima ya ndoa, kama sisi tunavyotuma mshenga. Mwandikie tena, safari hii hivi: «Tarehe 5 Aprili 1996, saa 11:30 kabla ya adhuhuri (11:30 AM) kwa saa ya Kizungu, saa tatu mbele ya Greenwich, Tanga, Tanzania. Samahani mama, saa niliyokutumia mwanzo ni ya Kiswahili.» Mwombe mnajimu achore upya na aseme ametumia kipimo cha nani. Kama ni mwaminifu ataona mwenyewe. Akirudi na dosari mpya inayohitaji pete mpya, hapo utajua unashughulika na nani. Kuhusu mtungi, wapo wanaoifanya ibada hiyo kwa moyo safi, na uamuzi ni wako. Lakini usiifanye kwa kuogopa kifo, na usikope fedha kununua marijani.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ya Mirihi ni ukimya wa mchumba wako. Zungumza naye ana kwa ana, si kwa simu, umuulize swali moja: chati ikikaa vibaya tena, wewe utasimama wapi? Jibu lake lina uzito kuliko nyota zote 12. Kama mnashindwa kulizungumza, tafuteni mzee mnayemwamini wote wawili, kiongozi wa dini, au mshauri wa ndoa, mkae chini mbele yake.

Na hizo wiki tatu za kukosa usingizi usizipuuze. Kama chakula hakiendi, moyo unakwenda mbio, au yanakujia mawazo ya kujidhuru, nenda kituo cha afya leo ueleze kama ulivyonieleza mimi. Hilo ni la daktari au mshauri nasaha. Akitokea mtu akakutisha ili utoe fedha, hilo halihusu unajimu tena. Ujumbe wote utunze, uwaonyeshe wazazi, na ikibidi polisi.

Kabla hujamwandikia mama mkwe, mpigie mama yako umuulize jambo moja. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Aprili 1996, kama saa tisa za usiku, mwezi mpevu ulipatwa wote. Ulizaliwa siku iliyofuata. Muulize kama anaukumbuka mwezi ule, halafu umuulize ulipolia mara ya kwanza kama nje kulikuwa bado giza, au watu walikuwa wanajiandaa kwa sala ya Ijumaa.